Setilaiti Huona Ukijani, Haihesabu Spishi

Maafisa misitu wa wilaya na wanafunzi wa shahada ya uzamili huniuliza swali moja kwa maneno tofauti: je, picha za setilaiti zinaweza kutuambia msitu fulani una aina ngapi za mimea, bila sisi wenyewe kuingia porini kuhesabu? Swali hilo lina msingi. Kuhesabu mimea ni kazi ghali na ya polepole, na wanaoijua vizuri ni wachache, ilhali picha zipo na hazina bei. Kumbukumbu za setilaiti za Landsat za Marekani zinaanzia mwaka 1972, na tangu mwaka 2008 mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzipakua bila malipo; setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, hutupatia picha mpya takriban kila baada ya siku tano, zikiwa na pikseli za mita 10 kwa 10. Jibu langu ni kwamba picha hizo husaidia, lakini si kwa njia ambayo wengi wanaidhania. Njia iliyo rahisi kuliko zote, yaani kuchukua wastani wa ukijani wa mahali na kuugeuza kuwa idadi ya spishi, katika mazingira yetu inaweza kabisa kukupa jibu lililopinduka.

Ni vema tukianza na kipimo chenyewe, kwa sababu wengi wanaokitumia hawajawahi kukaa chini na kujiuliza kinapima nini. Jani lililo hai hunyonya mwanga mwekundu kwa sababu ya klorofili, na hurudisha sehemu kubwa ya miale ya infraredi ya karibu, ambayo macho yetu hayaioni, kutokana na jinsi seli za ndani ya jani zilivyopangwa. Sensa ya setilaiti, yaani kifaa chake cha kuhisi mwanga, hupima vyote viwili. Ukitoa kiasi cha mwanga mwekundu katika kiasi cha infraredi, kisha ukagawanya tofauti hiyo kwa jumla ya vyote viwili, unapata fahirisi ya uoto inayojulikana kila mahali kwa kifupi chake cha NDVI, ambayo huwa kati ya −1 na 1. Maji kwa kawaida huangukia chini ya sifuri, ardhi tupu huwa karibu na 0.1 au 0.2, na msitu mnene hufika 0.8 na kuendelea. Fahirisi hii ilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika nyanda za nyasi za Marekani, kwa picha za Landsat ya kwanza, na baadaye Compton Tucker wa NASA na wenzake wakaitumia kufuatilia uoto wa bara zima la Afrika. Nyasi ni nyingi kiasi gani, mvua imeufikisha wapi uoto, ukame umefika wapi: hayo ndiyo maswali iliyozaliwa kuyajibu. Katika hesabu yake nzima hakuna mahali panapoulizwa jani hili ni la mti gani.

Kwa nini basi wanaikolojia waliamua kuihusisha na idadi ya spishi? Hoja yao ya kwanza ni ya nishati: mahali penye maji, joto na mwanga wa kutosha pana chakula kingi, na penye chakula kingi viumbe vingi vya aina mbalimbali vinaweza kuishi pamoja. NDVI ni kielelezo kizuri cha uzalishaji wa mimea. Kwa hiyo, ilidhaniwa, ni kielelezo kizuri cha spishi pia. Ukilinganisha jangwa na msitu wa mvua, hoja hiyo inasimama bila shida, wala huhitaji setilaiti kuithibitisha. Inaanza kuyumba pale unapolinganisha kijani na kijani.

Mfano ninaoupenda kuutumia ni wa Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Pale Amani, mashamba ya chai yamepakana na Hifadhi ya Mazingira Asilia, kiasi kwamba mtu anaweza kusimama barabarani akawa na chai mkono wa kushoto na msitu mkono wa kulia. Msitu huo ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa na Mahenge, na ambayo wanasayansi duniani kote wanaifahamu kwa wingi wa mimea isiyopatikana kwingine kokote. Ile chai ni spishi moja, imekatwa usawa mmoja na kupandwa mistari kwa mistari. Lakini ukifungua picha ya mwezi wenye mvua, pikseli za chai na pikseli za msitu zinaweza kuwa na NDVI zinazokaribiana mno. Sababu mojawapo ni kwamba fahirisi hii hufika kikomo mapema: tabaka za majani zikishazidi tatu au nne hivi, mwanga mwekundu umekwisha kunyonywa karibu wote, na kuongeza majani mengine, au miti mingine, au spishi nyingine mia moja, hakuisogezi namba kwa kiasi cha maana. Niliwahi kupewa ripoti ya taasisi moja niisome kabla haijachapishwa, ikiwa na ramani ya bioanuwai iliyotokana na wastani wa NDVI pekee, na katika ramani hiyo chai ilikuwa imepakwa rangi ile ile ya maeneo tajiri kuliko yote. Mwandishi alikuwa ameandika kwa kujiamini kabisa. Hakuwa amekosea hesabu hata moja.

Hata ndani ya msitu wenyewe ukijani unaweza kutudanganya. Mti wa Maesopsis eminii, ambao asili yake ni upande wa Uganda, Kagera na magharibi zaidi, uliletwa Usambara kwa ajili ya mbao na kivuli, kisha ukasambaa kwenye misitu iliyokuwa imekatwa miti, mbegu zake zikibebwa na hondohondo wanaokula matunda yake. Unakua haraka, unaziba upenyo, na ukiutazama kutoka angani unaonekana kama msitu unaopona. Kule Baringo, Kenya, hali ni mbaya zaidi. Mathenge, yaani Prosopis juliflora, ilipandwa miaka ya 1980 kwa nia njema ya kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni; leo imefunga malisho, na mizizi yake mirefu inaifanya ibaki kijani hata wakati nyasi zote zimekauka. Jamii ya Ilchamus ilifika mahakamani Nairobi kulalamikia mmea huo, ikiwa na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake kama kielelezo. Katika mfululizo wa NDVI wa miaka mingi, uvamizi huo unaweza kusomeka kama habari njema.

Mambo haya hayakugunduliwa jana. Mwaka 2002, Boniface Oindo na Andrew Skidmore, waliokuwa katika taasisi ya ITC nchini Uholanzi, walichapisha utafiti kuhusu Kenya ambao naamini kila mtu anayefanya kazi hii Afrika Mashariki anapaswa kuusoma kabla hajafungua programu yoyote. Walitumia NDVI kutoka kwenye sensa ya AVHRR, ambayo pikseli zake hupimwa kwa kilomita na si kwa mita, wakaangalia miaka kadhaa mfululizo, kisha wakalinganisha na idadi ya spishi za wanyama wakubwa na za mimea. Walichokipata ni kinyume cha matarajio ya wengi: pale ambapo wastani wa NDVI ulikuwa juu, idadi ya spishi ilikuwa chini, na pale ambapo NDVI ilitofautiana zaidi kutoka mwaka hadi mwaka, spishi zilikuwa nyingi zaidi. Kilichobeba taarifa kilikuwa mabadiliko, na wastani ulipoelekeza, ulielekeza upande usiotarajiwa.

Kuna maelezo ya kiikolojia yanayoendana na matokeo hayo. Tangu miaka ya 1970, kufuatia kazi ya J. P. Grime nchini Uingereza, wanaikolojia wamekuwa wakijadili umbo la uhusiano kati ya uzalishaji na spishi: kwamba spishi huongezeka uzalishaji unapopanda kutoka chini sana, hufika kilele mahali fulani katikati, kisha hupungua pale ambapo rutuba na maji ni vingi kiasi cha spishi chache zenye nguvu kuzifunika nyingine zote. Mahali ambapo mwaka huu kuna mvua na mwaka ujao hakuna, mshindi habaki kuwa mshindi, na wengi hupata nafasi. Mimi ningeongeza jambo moja lisilo la kinadharia hata kidogo: nchini Kenya, sehemu kubwa ya maeneo yenye ukijani wa kudumu ni nyanda za juu, na nyanda za juu zimelimwa. Wastani mkubwa wa NDVI mara nyingi ni jina jingine la chai, kahawa na migomba.

Wazo la mabadiliko lina ndugu yake, ambalo ni tofauti za mahali na mahali ndani ya picha moja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Michael Palmer na wenzake, waliofanya kazi katika nyanda za nyasi za Oklahoma, walitoa hoja kwamba eneo ambalo mwanga unaorudishwa na uso wake unatofautiana sana kutoka pikseli hadi pikseli lina makazi ya aina nyingi, na makazi ya aina nyingi hubeba spishi nyingi. William Gould alikuwa ameshaonyesha jambo linalofanana na hilo kando ya mto Hood, kaskazini kabisa mwa Kanada, ambako miti hakuna na setilaiti huiona mimea bila kizuizi. Duccio Rocchini wa Italia na wenzake wameiendeleza hoja hiyo kwa miaka mingi, wakitafuta njia bora za kuipima tofauti hiyo kuliko kile kipimo cha kawaida cha mtawanyiko, mkengeuko sanifu. Kivitendo, unachora mraba wa, tuseme, pikseli tisa kwa tisa, unahesabu jinsi NDVI inavyotawanyika ndani yake, unausogeza mraba pikseli moja, unahesabu tena, hadi umeimaliza picha nzima.

Njia hii hufaa sana mahali kama Arabuko-Sokoke, karibu na Malindi. Msitu ule wa takriban kilomita za mraba 420 una aina tatu kuu za uoto, na kila moja imeshikamana na udongo wake: mirihi, yaani miti ya Brachystegia, kwenye mchanga mweupe, vichaka vizito vya Cynometra kwenye udongo mwekundu upande wa magharibi, na msitu mchanganyiko upande wa mashariki. Pale zinapokutana, tofauti ya mwanga ni kubwa, na orodha ya mimea nayo hurefuka kwa sababu unahesabu spishi za pande mbili. Hata hivyo, msomaji makini ataona kwamba tumepima idadi ya makazi, wala hatujaingia ndani ya kila makazi kuhesabu spishi zake. Pia ataona kwamba barabara, shamba la mahindi lililokatwa jana, au paa la bati litatoa tofauti kubwa kuliko msitu wowote. Kabla ya kuupitisha ule mraba lazima uondoe kila kisicho uoto wa asili, na kazi hiyo ya kuondoa ndiyo inayokula muda wa mradi, ingawa katika ripoti huandikwa kwa sentensi moja.

Kwa upande wa tofauti za wakati, nadhani sisi wa ukanda wa miombo tuna bahati ambayo hatujaitumia vya kutosha. Katika misitu ya Tabora, Katavi, Ruvuma na Lindi, miti mingi hupukutisha majani kiangazi, kisha mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla tone la mvua halijaanguka, miti ya jamii ya Brachystegia na Julbernardia hutoa majani mapya. Majani hayo huanza yakiwa mekundu, ya rangi ya shaba, hata ya urujuani, na vilima vizima hubadilika rangi. Kwa kuwa jani jekundu hurudisha mwanga mwekundu badala ya kuunyonya, NDVI hukawia kupanda ingawa mti umeshavaa. Spishi nyingine husubiri mvua. Nyingine hubaki na majani karibu mwaka mzima, hasa kandokando ya mito. Ukiwa na picha za Sentinel-2 za mwaka mzima, kila kipande cha msitu kina mchoro wake wa kupanda na kushuka, na kipande chenye spishi zinazotofautiana ratiba huwa na mchoro usiofanana na wa jirani yake. Hapa ndipo ninapoona tumaini la kweli kuliko katika picha moja nzuri ya mwezi mmoja. Kizuizi ni moto: miombo huungua kiangazi, na pikseli iliyoungua Agosti hubadilika ghafla kwa sababu isiyohusiana na spishi. Kizuizi kingine, kwa upande wa milimani na pwani, ni mawingu. Vyote viwili vina dawa zake za kitaalamu, na sitazieleza hapa.

Vivyo hivyo nitapita haraka kwenye fahirisi nyingine. EVI huchelewa kufika kikomo kuliko NDVI na hurekebisha athari za hewa; SAVI hupunguza athari za udongo mahali penye mimea michache; zile zinazotumia mikanda ya katikati, kati ya mwekundu na infraredi, ambayo Sentinel-2 inayo, husaidia kutofautisha misitu minene. Zote ninazitumia. Hakuna hata moja kati yake iliyogeuza jibu baya kuwa zuri. Zimegeuza jibu zuri kidogo kuwa zuri zaidi kidogo.

Kinachoharibu kazi nyingi nilizopitia kiko ardhini. Tathmini ya taifa ya misitu ya Tanzania, NAFORMA, ilitumia ploti, yaani vipande vya ardhi vya kuhesabia miti, za duara zenye nusu kipenyo cha mita 15, yaani takriban mita za mraba 707. Pikseli ya Landsat ni mita za mraba 900, kwa hiyo vinakaribiana, lakini kifaa cha GPS chini ya miti mikubwa kinaweza kukosea kwa mita kadhaa, na ploti yako ikajikuta imekaa juu ya pikseli nne kwa pamoja. Pikseli ya MODIS, sensa nyingine ya setilaiti, ya mita 250 ina zaidi ya hekta sita. Ploti ile ni kama asilimia moja tu ya eneo hilo, na mtu anayeoanisha viwili hivyo anaulinganisha msitu mzima na kona yake. Tena ploti zilizowekwa karibukaribu hufanana kwa sababu tu ni majirani. Ukizigawanya kwa kura, nusu ya kufunzia modeli, yaani hesabu ya kukisia spishi kutokana na picha, na nusu ya kuipima, modeli itaonekana hodari kwa sababu imeshaona majibu. Mimi humtaka mwanafunzi aufiche msitu mzima: modeli iliyofunzwa Pugu na Kazimzumbwi ipimwe Zaraninge. Namba huanguka, wakati mwingine kwa kishindo, na hapo ndipo mazungumzo ya maana huanza.

Halafu kuna majina. Mwezi wa Agosti katika msitu wa Kilwa, miti mingi haina jani, na hata ukiwa umesimama chini yake unaona vijiti tu. Mzee tuliyekuwa naye, mtambuzi wa miti wa kijiji, hakuangalia juu. Aliupiga mti panga kidogo kwenye gome, akangoja, na utomvu mwekundu kama damu ukaanza kuchuruzika.

"Andika mninga, mwanangu."

"Mzee, jana ule wa kule bondeni ulituambia ni mtumbati."

"Ndiyo huo huo. Wenye bonde lao ndivyo wanavyouita."

Katika fomu zetu zilikuwa tayari ni spishi mbili. Kosa la namna hiyo likizidishwa kwa ploti mia kadhaa hukupa "utajiri" ambao hakuna fahirisi itakayoweza kuukisia, na mchambuzi aliyeko ofisini atailaumu setilaiti. Ndiyo maana kila jina la kienyeji linahitaji sampuli: tawi, ua au tunda likipatikana, libanwe kwenye gazeti, likaushwe, lipelekwe hebaria, yaani hifadhi ya sampuli za mimea.

Na kuna mimea ambayo setilaiti haitaiona hata ikiwa na pikseli ya sentimita moja, kwa sababu kanopi, yaani paa la majani ya miti mikubwa, iko katikati. Ua dogo la Saintpaulia, ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, alilipeleka Ulaya mwaka 1892 kutoka Tanga, na ambalo sasa linauzwa kwenye vyungu duniani kote, huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu chini ya miti. Katika msitu wa kitropiki sehemu kubwa ya spishi za mimea si miti mikubwa: ni vichaka, mitambaazi, mimea inayoota juu ya miti mingine, na majani ya chini. Setilaiti mpya zinazogawanya mwanga katika mikanda mingi myembamba, kama PRISMA ya Italia ya mwaka 2019 na EnMAP ya Ujerumani ya mwaka 2022, zitaboresha utambuzi wa miti ya juu, nazo zitaishia hapo hapo juu. Tunachoweza kutumaini ni kwamba penye miti ya aina nyingi huwa pana mimea ya chini ya aina nyingi pia, na dhana hiyo inahitaji kupimwa msitu kwa msitu.

Kwa hiyo, afisa wa wilaya akiniuliza leo, simpi ramani ya idadi ya spishi. Ninachompa ni ramani ya mahali pa kwenda kuhesabu. Nauchukua msitu wake, naondoa mashamba, barabara na makovu ya moto, napima jinsi NDVI inavyobadilika ndani ya mwaka na jinsi inavyotofautiana kati ya jirani na jirani, kisha naugawa msitu katika matabaka machache kufuatana na vipimo hivyo viwili. Ploti zinapangwa kwenye kila tabaka, na mahali penye utofauti mkubwa zinaongezwa, badala ya kutupwa ovyo au, kama ilivyozoeleka, kuwekwa karibu na barabara. Bajeti inafuata hapo hapo: posho ya mtambuzi wa miti wa kijiji na ya mtaalamu wa mimea, magazeti na vibanio vya kukaushia sampuli, nauli ya kuzipeleka kwenye hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ile ya taifa iliyoko Arusha, na muda wa mtu wa huko wa kuzitambua. Fungu la picha za setilaiti huandikwa sifuri.